CV ya miaka, ya ujuzi au ya mseto: ipi imfae anayetoka chuoni Uganda?

Karibu na milango ya vyuo vikuu vyetu, kuanzia Wandegeya hadi Banda, vipo vibanda vya kuchapa ambako mwanafunzi huingia na jina lake akatoka na CV. Kiolezo kimeshakaa kwenye kompyuta. Linabadilishwa jina, shule na namba ya simu, kinachapwa, basi. Nawaelewa wanaofanya hivyo, maana siku ya mwisho ya maombi haimngojei mtu. Lakini kiolezo kile kilitungwa kwa ajili ya mtu mwingine, mara nyingi mwenye miaka mingi kazini. Kijana akikijaza anaonekana mtupu: sehemu ya uzoefu inabaki na mstari mmoja, na yale aliyoyafanya kweli yanakosa pa kukaa.

Namna kuu za kupanga CV ni tatu. Ya kwanza hufuata miaka, la karibuni likitangulia. Ya pili hufuata ujuzi. Ya tatu huchanganya hizo mbili. Watu hubishana ipi ni bora, na kwa maoni yangu ubishi huo hauna mwisho mpaka ujibu maswali mawili: una nini cha kuonyesha, na nani ataisoma kwanza? Meneja wa benki Kampala, karani wa tume ya utumishi ya wilaya, mwenye duka la vifaa vya umeme Mbarara na ofisa wa shirika linalohudumia wakimbizi Kyangwali hawasomi kwa jicho moja.

Jambo jingine kabla hatujaanza. Matangazo mengi ya kazi Uganda hutoka kwa Kiingereza, na CV hufuata lugha ya tangazo. Mifano ya mistari hapa naitoa kwa Kiswahili ili tuelewane. Ukifika mezani iandike kwa lugha uliyoulizwa.

Vigezo vya kulinganisha

Kila namna nitaipima kwa mambo yaleyale. Kwanza, kinachoonekana mapema, yaani nusu ya juu ya ukurasa wa kwanza, kwa sababu msomaji mwenye rundo la maombi huamua hapo kama ataendelea. Pili, inavyomtendea mtu ambaye uzoefu wake ni mdogo. Tatu, urahisi wa kuthibitisha yaliyoandikwa, pamoja na kupita kwenye programu za kuchuja maombi ambazo baadhi ya kampuni kubwa na mashirika ya kimataifa huzitumia. Nne, kazi ya kuiandaa na kuibadilisha kwa kila tangazo. Mwisho, inamfaa nani.

CV ya miaka

*Kinachoonekana mapema.* Kwa mhitimu mpya ni elimu: shahada, chuo, mwaka, daraja. Kama matokeo yako yana nguvu, namba itangulie. Makerere, kwa mfano, daraja la kwanza huanzia 4.40 kati ya 5.00, na daraja la pili la juu huanzia 3.60. Mwenye 3.75 aandike "daraja la pili la juu, 3.75 kati ya 5.00", kwa kuwa msomaji aliyesoma chuo kingine au nchi nyingine hawezi kukisia. Kama matokeo ni ya chini, kutaja shahada na mwaka bila namba si uongo. Transkripti itaonekana wakati wake, na nafasi ya juu ya ukurasa uipe kitu kingine. UACE, yaani cheti cha kumaliza sekondari ya juu (S.6), ipewe mstari mmoja, UCE ya S.4 mmoja. PLE ya kumaliza shule ya msingi iache.

*Uzoefu ukiwa mdogo.* Hapa ndipo namna hii inapouma. Tarehe zinasimama wazi na mapengo pia. Hata hivyo si kila pengo ni aibu. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Mwajiri yeyote wa hapa anaijua historia hiyo, kwa hiyo aliyechelewa kumaliza kwa ajili hiyo asianze kuvuta miaka ili ilingane. Pengo linalohitaji neno ni lile la baada ya kuhitimu, na neno lenyewe linaweza kuwa "nimesimamia shamba la familia, Masindi, 2024 hadi sasa", ikiwa kweli umelisimamia.

*Kuthibitishwa.* Haina mpinzani. Kila mstari una mahali, muda na mtu wa kupigiwa simu. Programu za kuchuja nazo huisoma bila taabu, mradi umeiandika kwa safu moja. Zile CV za safu mbili zenye visanduku na michoro ya nyota hupendeza machoni, lakini baadhi ya programu huzisoma kwa kuruka huku na huku, cheo kikaangukia kwenye anwani.

*Kazi ya kuiandaa.* Ndogo. Ukishaipanga vizuri, matangazo yanayofanana utayajibu kwa kugusa mistari michache. Urahisi huo ndio mtego wake pia: mtu huituma ileile kila mahali hadi akasahau kwamba tangazo lilitaka leseni ya udereva, na leseni anayo lakini hakuitaja.

*Inamfaa nani.* Aliyefanya mafunzo ya vitendo kwenye fani anayoiombea kazi, na anayeomba mahali penye taratibu kali: benki, ofisi za ukaguzi wa hesabu, hospitali, kampuni za simu. Pia anayeomba ufadhili wa masomo Ulaya, kwa kuwa Europass, kiolezo kinachoombwa na baadhi ya wafadhili wa huko, hufuata mpangilio huu.

CV ya ujuzi

*Kinachoonekana mapema.* Unachoweza kufanya, kabla ya mahali ulipojifunzia. Makundi matatu au manne ya ujuzi, na chini ya kila kundi mistari ya ushahidi. Elimu na kazi hufuata kwa ufupi mwishoni.

*Uzoefu ukiwa mdogo.* Hii ndiyo nguvu yake, na naitetea kwa moyo wote, kwa sababu vijana wengi wa Uganda wamefanya kazi ambayo haikuwahi kuwa na barua ya ajira. Mtu amekaa kibanda cha pesa za simu likizo zote za chuo. Mwingine ametandaza nyaya za umeme kwenye nyumba za kijiji kizima akiwa na fundi wake. Mwingine amejifundisha kutengeneza tovuti kwa simu na bando za usiku. Kwenye CV ya miaka watu hawa hupotea. Hapa wana pa kusimama.

*Kuthibitishwa.* Ugumu uko hapa. Waajiri wengi wakiona tarehe hazipo hujiuliza zimefichwa kwa nini, na hawakosei sana kuuliza. Programu zinazotafuta vyeo na miaka nazo zinaweza kuipita. Dawa ni ushahidi ulioshikamana na kila ujuzi: mahali, kazi iliyofanyika, mtu aliyeiona, kiungo cha kuitazama. Fundi mwenye kijitabu cha Worker's PAS kutoka Kurugenzi ya Mafunzo ya Viwandani, kile kinachoorodhesha kazi alizopimwa nazo kwa vitendo, akitaje juu kabisa. Ujuzi usio na ushahidi uache. "Mchapakazi, mwaminifu, mwenye kujituma" ni maneno ambayo hata mvivu ameyaandika.

*Kazi ya kuiandaa.* Kubwa. Kila tangazo linadai upange makundi upya, maana ujuzi unaotangulia ni ule walioutaja wao. Ukiwa unaomba nafasi nyingi kwa wiki moja, utachoka, na uchovu utaonekana kwenye maandishi.

*Inamfaa nani.* Wa ufundi, wa kompyuta, wabunifu wa michoro, na wale waliosoma fani moja lakini wanataka kazi ya nyingine. Kwa kazi za benki au za wilaya sipendekezi uitumie.

CV ya mseto

*Kinachoonekana mapema.* Utangulizi wa mistari miwili au mitatu, ujuzi mkuu wa aina tatu wenye ushahidi, kisha elimu na uzoefu kwa miaka. Utangulizi wenyewe useme wewe ni nani na unaleta nini. "Mhitimu wa Takwimu, Kyambogo, 2025. Nimekusanya data vijijini kwa kishikwambi na kuisafisha kwa Excel. Naongea Kiswahili, Runyoro na Kiingereza" unatosha kabisa. Ule wa "natafuta nafasi itakayoniwezesha kukua" uondoe. Unaeleza shida yako, na msomaji ana yake.

*Uzoefu ukiwa mdogo.* Hukusanya vipande vidogo vikaonekana kitu kimoja. Mtu aliyekuwa karani wa sensa, akafundisha shule ya binafsi katika likizo ndefu ya baada ya S.6, akatunza hesabu za kikundi cha akiba, ana vipande vitatu visivyofanana kwa miaka. Lakini vyote vinasema anaaminika na taarifa na fedha za watu.

*Kuthibitishwa.* Vizuri, kwa kuwa tarehe zimo. Pale ambapo jopo hutoa alama kwa kila sharti la tangazo, kama mashirika mengi yanavyofanya, msomaji hupata jibu lake juu na uthibitisho wake chini.

*Kazi ya kuiandaa.* Ya kati: unabadilisha sehemu ya juu, ya chini inabaki. Hatari yake ni kurudia. Jambo moja likitokea kwenye utangulizi, likarudi kwenye ujuzi, likarudi tena kwenye uzoefu, kurasa mbili zimejaa na msomaji amepata habari moja.

*Inamfaa nani.* Mwenye vipande vingi vidogo, hasa anayeomba mashirika yasiyo ya kiserikali, miradi na nafasi za mafunzo kwa wahitimu.

Mstari wenyewe

Mpangilio wowote utakaouchagua utabebwa na mistari, na hapa ndipo naomba ukae muda mrefu kuliko popote. Mstari mzuri wa CV una kitendo, mahali, muda, na kilichotokea kwa sababu ulikuwepo. Tazama huu: "Nilishiriki katika sensa." Msomaji hajui kama ulihesabu watu au ulihesabiwa. Sasa huu: "Karani wa sensa, Ofisi ya Takwimu ya Uganda (UBOS), Mei 2024: nilihoji kaya za eneo nililopangiwa kwa kutumia kishikwambi, nikarudia zile ambazo hazikupatikana mara ya kwanza, na kukabidhi taarifa kwa msimamizi kila siku." Sensa ya 2024 ilifanywa kwa vishikwambi, kwa hiyo kila kijana aliyeifanya ana ushahidi wa kukusanya data kidijitali, na wengi hawajaitaja popote.

Mafunzo ya vitendo hupata adhabu hiyohiyo. Mtu huandika "mafunzo, ofisi ya wilaya, wiki nane" akaishia hapo, kana kwamba alikwenda kuketi. Ulipanga mafaili ya ardhi? Uliingiza risiti kwenye mfumo? Uliandamana na ofisa ugani kwenye mashamba? Andika hilo. Hata kama kazi kubwa ilikuwa kupokea wageni, kuna namna ya kweli ya kuisema: "Nilipokea wananchi na kuwaelekeza idara husika, niliandaa daftari la ufuatiliaji wa barua zinazoingia."

Kiongozi wa darasa naye ana kitu. Kuwafikishia wanafunzi mia moja ratiba inayobadilika kila siku, na kusimama kati yao na mhadhiri pale matokeo yanapokosekana, ni kazi ya uratibu. Mhazini wa kwaya aliyetunza michango na kutoa hesabu mbele ya watu ana uzoefu wa fedha. Aliyekaa kibanda cha pesa za simu amesimamia floti, yaani fedha za kufanyia miamala, amelinganisha hesabu kila jioni, na amekabiliana na matapeli. Haya yote yaandikwe kwa heshima yake, bila kupambwa. Ukimwita muuza duka "meneja wa maendeleo ya biashara", swali la kwanza la usaili litakuangusha.

Lugha pia zina thamani kuliko zinavyopewa. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, lakini nje ya karatasi za sheria kina soko lake: Kyangwali, Rwamwanja na Kyaka II wakimbizi wengi kutoka Kongo huongea Kiswahili, mipaka ya Malaba, Busia na Mutukula hufanya biashara nacho, na bomba la mafuta ghafi linatoka Hoima hadi Tanga, kilomita 1,443, sehemu kubwa yake ikiwa ndani ya Tanzania. Usiandike tu "Kiswahili: kizuri". Andika unachofanya nacho: "naongea, nasoma, nimetafsiri kwenye mikutano ya kijiji". Lugha ya nyumbani vilevile. Shirika linalofanya kazi Yumbe litamtafuta mwenye Kilugbara au Kiarabu cha Juba kabla ya mwenye cheti cha ziada.

Yasiyobadilika kwa namna yoyote

Ukurasa mmoja unatosha kwa mhitimu mpya, miwili ndiyo mwisho. Tuma PDF isipokuwa wameomba nyingine, na faili liwe na jina lako na nafasi unayoomba. Weka namba mbili za simu, na barua pepe iliyo na jina lako badala ya ile uliyofungua ukiwa S.2.

Dini, kabila, hali ya ndoa na majina ya wazazi bado hujaa kwenye CV zetu. Sheria ya Ajira ya 2006 inakataza ubaguzi kwa misingi kama jinsia, dini, asili ya kijamii na ulemavu, kwa hiyo huna sababu ya kumpa mtu silaha hizo mkononi. Picha weka ikiombwa tu. Namba ya kitambulisho cha taifa, NIN, usiiweke kwenye hati inayosambaa kwenye barua pepe na WhatsApp za watu usiowajua. Wataiomba ukishapata kazi.

Wadhamini wawili au watatu wawe watu waliokuona ukifanya kazi: mhadhiri aliyesimamia utafiti wako, msimamizi wako wa mafunzo ya vitendo. Waombe ruhusa kwanza, na kila unapotuma maombi wajulishe ni kazi gani, ili simu isiwakute wakisema "nani huyo?"

Pale CV isipotosha

Anayeomba kazi serikalini au wilayani asianzie kwenye CV. Matangazo ya tume za utumishi za wilaya mara nyingi hudai Fomu Namba 3 ya Utumishi wa Umma, pamoja na picha za pasipoti na nakala za vyeti zilizothibitishwa. Fomu hiyo ina mpangilio wake na haina nafasi ya ubunifu: inataka shule, miaka, vyeti na kazi kwa utaratibu. Ndiyo maana nasema kila mtu, hata yule wa CV ya ujuzi, awe na orodha moja ya miaka na tarehe zake zote iliyohifadhiwa nyumbani. Fomu ikija, utaijaza bila kukisia mwezi ulioanza kazi, na tarehe zako zitalingana kila mahali utakapoomba.

Kwa hali yako

Bado uko mwaka wa pili na unatafuta nafasi ya mafunzo ya vitendo: tumia CV ya miaka, ukurasa mmoja, elimu juu, kisha masomo mawili au matatu ya kozi yanayohusiana na ofisi hiyo, kisha kazi za likizo. Wanajua wewe ni mwanafunzi. Wanataka kuona umejua unaomba wapi.

Umehitimu na daraja zuri, unaomba benki au ofisi ya ukaguzi: ya miaka, namba ya matokeo ikiwa mstari wa kwanza wa elimu.

Umehitimu muda umepita na kazi rasmi hujapata, lakini hujakaa bure: ya mseto. Kipindi hicho kipe mstari wake wenye tarehe, hata kama kilikuwa cha kuku wa mayai au kufundisha watoto wa jirani.

Una diploma ya ufundi au umejifunzia karakana: ya ujuzi ukiwa unampelekea mwenye kampuni ndogo, ukiambatanisha picha chache za kazi zako. Kampuni kubwa yenye ofisi ya rasilimali watu ipelekee ya mseto, kwa kuwa watatafuta tarehe.

Umesoma sayansi ya jamii na unataka kazi ya data: ya ujuzi au ya mseto, kutegemea kama una kazi ya kuonyesha. Kama hunayo, tumia wikendi chache kuchambua takwimu zilizo wazi za UBOS, weka uchambuzi huo mahali unapoonekana, kisha urudi kuandika.

Unaomba mashirika kwenye makazi ya wakimbizi: ya mseto, lugha zikiwa kwenye utangulizi badala ya mwisho wa ukurasa wa pili.

Na kama unaomba nafasi mbili tofauti kabisa wiki hii, andaa CV mbili. Anza na ile ambayo siku yake ya mwisho iko karibu, mpe mtu mmoja anayesoma kwa makini aipitie, kisha uitume siku mbili kabla, ili mtandao ukikatika jioni ya mwisho usiwe na cha kupoteza.